Mstari Mtupu Katika Kadi ya Emna

Ilianza kwa mstari mmoja mtupu, kitu ambacho mtu mwingine asingekigeuzia hata shingo. Kadi ya harusi ilitoka mashineni safi kabisa, karatasi nene, wino wa dhahabu, jina la bibi harusi juu na la bwana harusi chini. Ila kati ya majina hayo mawili palikuwa na nafasi ya mstari mmoja ambayo haikuwa na kazi yoyote pale.

Widad aliiona kwa sababu nafasi za mistari ndizo zilizokuwa kazi yake. Alikuwa na miaka thelathini na mmoja, na ndiye aliyetengeneza tovuti ya duka la kadi la mzee Mahjoub, Si Mahjoub kama tunavyomwita kwa heshima, hapa Sfax, Tunisia, hatua chache kutoka lango la Bab Diwan. Kabla yake, mteja akijaza maneno yake kwenye fomu ya tovuti, maneno yalifika dukani yamevurugika. Mistari yote ilishikana ikawa bonge moja, shairi la babu likageuka barua, majina ya wajomba yakapandana migongoni. Watu walikuja dukani wamefura. Mama mmoja alimpiga Si Mahjoub kwa mkoba, na kusema kweli mzee alistahili.

Widad akalikomesha balaa hilo. Mteja akishuka mstari, kadi nayo ilishuka mstari. Akiacha nafasi, nafasi ilibaki. Akikosea jina la mkwewe, shauri yake. Na kila maandishi yalipopokewa, fomu ilimjibu mteja kwa sentensi aliyoitunga Widad mwenyewe: "Maandishi yako yamehifadhiwa." Aliweka nakala mahali patatu, ili hata duka likiungua neno la mtu lisipotee. Alijivunia kazi ile, na ilikuwa haki yake.

Kitu kimoja tu fomu haikukihifadhi. Hapa kwetu kila mtu huanza mwaliko kwa Bismillahi, hata wale ambao msikiti wanaujua kwa mnara tu. Basi mwezi wa nne Si Mahjoub alikwenda sokoni kununua samaki, akaikuta kadi aliyoichapa yeye mwenyewe imekanyagwa kwenye maji ya magamba, na juu ya Bismillahi pana alama ya kiatu. Alirudi dukani analia, mzee wa miaka sitini na tano.

"Kadi zangu zinatupwa jalalani na jina la Mungu limo," alisema. "Nitajibu nini siku ya siku? Widad, mwanangu, likate. Mteja akiliandika, mashine ilikate kabla hatujachapa."

"Wateja watalalamika, Si Mahjoub."

"Wakilalamika, niite mimi."

Hakuna aliyelalamika. Wengi hata hawakuona. Widad aliandika kanuni fupi ya kompyuta, mistari minne tu, na tangu siku hiyo kila mwaliko uliotoka duka lile ulitoka bila Bismillahi. Walifanya hivyo kwa heshima, ndiyo maana mpaka leo mimi, jirani yake Widad, naona vibaya kuwalaumu.

Ule mstari mtupu wa kwanza aliuona mwishoni mwa Julai, msimu wa harusi umepamba moto. Siku ya pili akauona kwenye kadi nyingine. Wiki ilipokwisha zilikuwa kumi na moja.

"Watu wanagusa kitufe bila kukusudia," alisema Si Mahjoub. "Vidole vinene, simu ndogo."

"Kumi na mmoja? Wote mahali pamoja, kati ya mume na mke?"

Si Mahjoub alivua miwani, akaipangusa, akaivaa tena, akasema ana mteja nje. Nje hapakuwa na mtu.

Widad akafungua maandishi yaliyohifadhiwa, akakipeleka kishale kwenye ule mstari. Mstari usio na kitu, kishale huuvuka mara moja. Hiki kilikwenda hatua moja ndani ya utupu, kikasimama. Hatua ya pili, kikasimama. Kilipiga hatua tisa ndipo kikatoka upande wa pili. Mle ndani mlikuwa na herufi tisa zisizo na umbo, na katika kadi zote kumi na moja zilikuwa tisa vilevile. Akatazama kumbukumbu za mashine. Wateja walikuwa wametuma maneno yao saa mbalimbali, lakini kila mwaliko uliguswa tena mara moja baadaye, saa saba na dakika kumi mchana, wakati mji mzima umelala nyuma ya madirisha yaliyofungwa na duka lina kufuli. Na uliguswa kutoka kwenye kompyuta ya humo humo dukani.

Akapiga simu kwa mteja wa kwanza.

"Samahani, Lalla, bibi yangu, napiga kutoka kwa Si Mahjoub wa kadi. Nilitaka kujua tu kama bibi harusi hajambo."

"Nani kakuambia?" mama yule aliuliza kwa kunong'ona.

"Hakuna aliyeniambia kitu."

"Mumewe karudi kwao siku ya tatu. Anasema kitandani hapakuwa na nafasi yake." Sauti ilizidi kushuka. "Binti yangu hatoki chumbani. Kila adhuhuri namsikia anacheka na mtu. Usipige tena, mwanangu, nakuomba. Anasikia."

Jumanne iliyofuata Widad hakwenda nyumbani kula. Aliteremsha lango la chuma kwa ndani, akafunga madirisha, akakaa mbele ya kompyuta na kipande cha mkate wenye zeituni ambacho hakukigusa. Jua la Agosti lilikuwa limewafukuza watu wote barabarani. Saa saba na dakika tano feni ilizunguka vizuri tu. Saa saba na dakika nane ikaanza kwenda polepole bila kuzimwa, na akasikia harufu ya jivu la moto lililomwagiwa maji, ile ambayo bibi zetu walitukataza kuisogelea bila kutaja jina la Mungu, na alipogeuka kutafuta inatoka wapi, ingawa alijua fika kuwa dukani hamna jiko wala jivu, nyuma yake vitufe vikaanza kubonyea, tik, tik, bila haraka, kwa vidole vya mtu aliyeizoea kazi hiyo kuliko yeye.

Fomu ilikuwa imefunguka yenyewe. Ndani ya kisanduku mlikuwa na mwaliko, na Widad aliyajua maneno kabla hajamaliza kuyasoma: Lalla Saluha, mjane wa marehemu Abdelmajid, anayo furaha kuwaalika kwenye harusi ya binti yake Emna. Ulikuwa mwaliko wa mdogo wake. Mama yao aliujaza kwenye simu mwezi uliopita, sebuleni, miwani puani, huku Widad akimcheka jinsi anavyozisaka herufi. Kadi mia tatu zilikwishachapwa na kugawiwa. Harusi ilikuwa imebakiza siku tisa.

Kishale kikatembea mpaka kati ya jina la Emna na jina la Skander, mchumba wake, kikasimama kwenye mstari mtupu, na pale, herufi baada ya herufi, umbo likaanza kuja, jina ambalo si la mtu, nami nalijua lakini silitaji, na Widad, ambaye mikono yake ilikuwa imekufa ganzi hadi viwikoni, akajilazimisha kubonyeza kitufe cha kufuta, akaifuta herufi ya kwanza ikarudi, akafuta mbili zikarudi tatu, akafuta na kufuta huku akisoma kila aya aliyoikumbuka na kila aliyoisoma ikimkatikia katikati, mpaka jasho likamwingia machoni asione tena kilichoandikwa wala nani anaandika. Alipopangusa uso, jina lilikuwa limekamilika. Herufi tisa.

Sijui alipata wapi ujasiri. Aliandika chini yake: Wewe ni nani?

Jibu likaja polepole. Mgeni.

Nani kakualika?

Wewe. Kadi zako zote zilikuwa mlango usio na komeo. Nimeingia nyumba nyingi. Huyu ndiye nimempenda.

Kisha kisanduku kikajifunga, na pale palipokuwa na maneno ikabaki sentensi moja ya kijani: Maandishi yako yamehifadhiwa. Feni ikashika kasi.

Si Mahjoub aliporudi saa kumi alimkuta Widad amekaa barazani juani. Alimsikiliza mpaka mwisho. Hakumwambia amechoka wala amelala akaota. Alijikalia chini, mzee wa watu, akashika tama.

"Ni mimi," alisema. "Mimi nimelitoa jina."

"Mimi nimeandika kanuni."

"Ifute. Ifute sasa hivi, lirudishe."

Aliifuta, na mialiko mipya ikaanza kutoka salama, Bismillahi juu, majina yamekaribiana inavyopasa. Lakini ule wa Emna ulikataa. Widad aliandika Bismillahi juu yake, akahifadhi, akafungua tena, Bismillahi haikuwepo. Akaandika tena. Ikakatwa tena. Kanuni ya kukata haikuwepo tena popote, na bado palikuwa na kitu kinachokata.

Akaamua kuufuta mwaliko mzima. Akaufuta hapo dukani, na fomu ikamjibu: Maandishi yako yamehifadhiwa. Ukawa umerudi kutoka kwenye nakala ya Tunis. Akaifuta ya Tunis, ukarudi kutoka kwenye ile ya tatu, iliyokuwa ng'ambo, kwenye mashine ambayo hakuwahi kuiona kwa macho. Alipoifuta ya ng'ambo, ile ya dukani ikarudi. Alizunguka hivyo hadi magharibi. Kazi aliyoifanya ili neno la mtu lisipotee ilikuwa nzuri mno, na hakuwa na njia ya kuishinda.

Nyumbani alimkuta Emna jikoni na mama yao, wanachambua lozi za vitamutamu vya harusi. Emna alikuwa na miaka ishirini na minne, msichana wa kucheka hovyo, asiyeweza kufunga kabati bila kuligonga. Siku hiyo alichambua kimya.

"Mama, leo amelala mchana?" Widad alinong'ona.

"Tangu wiki iliyopita. Saa saba ikipiga, kama kapigwa rungu." Lalla Saluha alishusha sauti. "Na Skander alipiga simu jana. Unajua Emna alimwitaje? Alimwita kaka."

"Kaka?"

"Kaka Skander, nitakuona harusini. Nikamwambia, wewe mtoto, una wazimu? Akanitazama tu."

Widad alivuta kadi moja kati ya zilizobaki kwenye sanduku. Mwezi uliopita alilibeba mwenyewe kutoka dukani, limefungwa utepe, asilifungue. Ule mstari ulikuwepo, na ndani yake wino ulikuwa umeanza kujitokeza, wa rangi ya jivu. Alipomkaribia Emna kumpa lozi, harufu ileile ilitoka kwenye nywele zake.

Walimwendea Sidi Bubaker, mwalimu wa chuo aliyewasomesha Qurani nusu ya mtaa wetu, mtu mfupi, mkali, asiyependa mzaha. Aliishika kadi kwa ncha za vidole.

"Nani aliandika mwaliko huu?"

"Mimi, Sidi," alisema Lalla Saluha. "Na Bismillahi niliweka! Wallahi niliweka."

"Na nani aliitoa?"

Widad aliinua mkono, kama mtoto darasani. Si Mahjoub naye akainua wake.

Sidi Bubaker aliwatazama wote wawili. "Mmeogopa jina la Mungu lisikanyagwe barabarani, mkalitoa majumbani mwa watu. Haya. Majini wengine huja kama wezi, na mwizi hufukuzwa. Huyu kaja na kadi mkononi. Nitasoma, lakini maandishi yaondoke kabla binti hajaruka samaki. Akishavuka yule samaki mara saba, huyo atakayekuwa kamshika mkono ndiye mumewe." Ndiyo desturi yetu Sfax: siku ya pili baada ya ndoa maharusi huruka samaki mkubwa mara saba, mkono kwa mkono.

"Hayafutiki, Sidi," alisema Widad. "Nimejaribu. Hayafutiki."

"Basi vunja chombo."

Si Mahjoub alikivunja mwenyewe, kwa nyundo ya kufungulia masanduku ya karatasi, siku mbili kabla ya harusi. Kompyuta, mashine ya kuchapia, yote. Widad akapiga simu Tunis na ng'ambo, akalia, akadanganya, akasema ni amri ya mahakama, hadi kote wakamthibitishia kuwa kila kitu kimeondolewa. Mchana huohuo Sidi Bubaker alisoma nyumbani kwao tangu adhuhuri hadi alasiri, ubani umejaa nyumba nzima, Emna katikati amefunikwa shuka nyeupe. Saa saba na dakika kumi madirisha yote yaligongwa kwa pamoja, kutoka ndani, na sisi majirani tuliokuwa uani tukashikana mikono. Emna alilia kilio kirefu kisicho na pumzi, akaanguka, akalala. Alipoamka aliomba pilipili na mayai, akamtusi dada yake kwa kumwachia upande wa kitanda wenye jua, akampigia Skander simu na kumwita mpenzi mbele ya mama yake bila haya. Lalla Saluha alipiga kigelegele peke yake jikoni. Sote tulilia kwa furaha.

Widad alichukua kadi akaitazama kwenye mwanga. Wino wa jivu ulikuwa umetoweka.

"Limekwenda, Sidi! Jina limekwenda."

"Na mstari?" aliuliza Sidi Bubaker.

"Mstari upo. Nafasi tu."

Sidi Bubaker alivaa viatu vyake, na alipoombwa abaki ale kuskus ya samaki alisema ameshiba, ingawa tulijua tangu alfajiri hajatia kitu mdomoni.

Ndoa ilifungwa Alhamisi. Ijumaa asubuhi, kabla Emna hajapelekwa kwa mumewe, tulikusanyika uani kwa ajili ya samaki. Alikuwa mkubwa, urefu wa mkono mzima, amelazwa juu ya sinia na kufungwa utepe mwekundu, maji yamemwagwa kwenye vigae. Jua lilikuwa kali, watoto wanapiga kelele, ngoma inapigwa. Hapakuwa na giza la kitu kujificha. Emna alivaa gauni la dhahabu, na mwenyewe alikuwa dhahabu, nasema kweli, sikuwahi kumwona mzuri hivyo.

Waliruka mara ya kwanza, yeye na Skander, tukapiga vigelegele. Mara ya pili. Widad alikuwa karibu nami, namsikia anahesabu kwa pumzi. Mara ya tatu Skander aliteleza kidogo. Mara ya nne mikono yao iliachana, na nikaona mkono wa Emna haukushuka. Ulibaki palepale ubavuni, vidole vimekunjika kuzunguka kitu. Mara ya tano ngoma ilikwenda ovyo. Mara ya sita harufu ikapita uani, jivu na maji, na mama mmoja akakohoa. "Emna, basi, inatosha!" Widad alipaza sauti, akajisukuma mbele, lakini watu walikuwa wengi na kigelegele kikubwa kilimmeza, na Emna aliruka mara ya saba akicheka.

Mpiga picha akawaita. "Haya, maharusi, hapa mbele ya mlango. Bwana harusi, sogea. Sogea kwa mkeo, mbona unaona haya?"

Skander alikuwa amesimama hatua moja kutoka kwa Emna. Kati yao palikuwa na nafasi ya mtu mmoja. Alijaribu kusogea. Bega lake lilisimama hewani, likakataa kwenda. Rangi ilimtoka usoni.

"Siwezi," alisema kwa sauti ndogo. "Pana mtu."

Emna aligeuza uso, akaitazama ile nafasi kwa macho ambayo mwanamke humtazamia mumewe tu.

"Mwache, kaka Skander," alisema kwa upole. "Kaalikwa."

Simu ya Widad ikalia mfukoni. Hakuitazama. Hakuhitaji kuitazama ili kujua imeandikwa Maandishi yako yamehifadhiwa, na wala hakuwa na la kufanya; alisimama tu kwenye maji ya samaki, mkono mdomoni, na mama yake akimwuliza, "Widad, mwanangu, wewe ndiye unayejua mashine hizi, si ufanye kitu? Si ufute?"

Picha ya siku ile haikutundikwa popote. Skander alirudi kwao, Widad hajagusa kompyuta tangu hapo, na Emna anaishi ng'ambo ya ukuta wangu, katika chumba kinachofungwa kila mchana kwa ndani. Namsikia. Anaonekana mwenye furaha, na hilo ndilo linalomtesa mama yake zaidi.

Kadi yangu ya mwaliko ninayo bado, kwenye droo ya jikoni. Jina la Mungu halimo, kwa hiyo ningeweza kuitupa jalalani bila dhambi. Lakini wiki iliyopita niliifungua, na wino wa jivu umerudi. Jina lake yule mgeni limo, herufi zote tisa, na naogopa mtu asije akalikanyaga.